Uzoefu wangu na TV za vyumbani: hoteli za mapumziko Arusha na Moshi

"TV bapa yenye chaneli za dishi." Maneno haya utayakuta kwenye matangazo ya karibu kila hoteli ya mapumziko kuanzia Sakina na Njiro hadi Usa River, na ukishuka Moshi utayakuta tena Shanty Town na kule juu Marangu. Hayamwambii mgeni jambo lolote la maana. Kazi yangu ni kufunga madishi na ving'amuzi, na nikiingia chumba cha hoteli huwa naangalia kwanza nyuma ya TV kabla ya kuiwasha. Maoni yangu ni haya: TV zenyewe siku hizi ni nzuri, na pesa ambayo hoteli zinalipia vifurushi si ndogo. Picha inaharibikia njiani, kati ya king'amuzi na ukuta wa chumba chako. Nyota ninazotoa hapa nazitoa kwa kuangalia njia hiyo, wala siangalii inchi za kioo.

Kujua hoteli inatumia mfumo gani, hesabu rimoti. Zikiwa mbili, moja ya TV na moja ya king'amuzi, basi king'amuzi kiko humohumo chumbani, mara nyingi kimefichwa nyuma ya TV au ndani ya kabati. Ikiwa moja tu, na chaneli zinaanzia namba 1 na kuishia kwenye kumi na kitu, basi ving'amuzi vyote vimekusanywa chumba kimoja karibu na mapokezi na unaletewa waya tu. Ikiwa moja na TV inafungukia kwenye picha za YouTube na Netflix, uko kwenye TV janja inayotegemea intaneti ya hoteli.

Huo mfumo wa pili ndio ulioenea kwenye hoteli za bustani zenye vibanda vilivyotawanyika, na ndio wenye matatizo mengi, kwa hiyo nitakaa nao zaidi. Unavyofanya kazi: kila king'amuzi kinafungua chaneli moja tu, kinaunganishwa na modyuleta yake (kifaa kinachogeuza picha ya king'amuzi kuwa chaneli ya kupita kwenye waya), modyuleta zote zinaingia kwenye waya mmoja, na waya huo unagawanywa kwa spilita, yaani vigawanyio, hadi vyumbani. Chaneli 12 maana yake ni ving'amuzi 12 na malipo ya vifurushi 12. Ndiyo maana orodha ni fupi. Ndiyo maana pia mtu wa mapokezi akibadilisha chaneli kwenye king'amuzi kimoja ili wateja wa baa waone mpira, tamthilia uliyokuwa unaangalia chumbani inakatika bila taarifa.

Tatizo la kwanza hapo ni ubora. Mitambo ya analogi ya kurushia matangazo ilizimwa Arusha na Moshi tangu mwaka 2013, lakini ndani ya hoteli nyingi analogi bado ipo. King'amuzi cha HD kinaunganishwa na modyuleta kwa zile nyaya za rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, badala ya HDMI. Pale pale picha ya mistari 1080 inashuka kuwa mistari 576, na hakuna TV ya inchi 43 itakayoirudisha. Juu ya hapo, kama king'amuzi kimeachwa kwenye umbo la picha la zamani la 4:3 huku TV ni pana, 16:9, kila kitu kinavutwa kwa upana: watangazaji wananenepa na mpira unakuwa yai. Hili la umbo mgeni anaweza kulipunguza mwenyewe kwa kubadilisha ukubwa wa picha kwenye TV. La mistari hawezi.

Tatizo la pili ni chenga. TV ya analogi inataka mawimbi ya dBµV (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 60 hadi 80 kwenye tundu lake. Chukua hoteli ambayo busta ya mapokezi, kifaa cha kukuza mawimbi, inatoa 100. Waya wa RG6, ule wa kawaida wa antena, wa mita 80 hadi kwenye kundi la vibanda unakula kama 16 kwenye chaneli za juu za UHF. Spilita ya njia nane inakula 11. Spilita ndogo ya njia mbili inakula karibu 4, soketi ya ukutani 1. Imebaki 68, na picha iko safi. Sasa hoteli inajenga vibanda vipya chini bustanini. Fundi anavuta waya kutoka kwenye tundu la chumba cha mwisho, mita 60 nyingine, halafu anaweka spilita ya njia nne inayokula 7. Inabaki 49, na wageni wa vibanda vipya, ambavyo ndivyo vyenye bei kubwa, wanaangalia chenga. Hali hii nimeikuta zaidi ya sehemu moja.

Dawa inayotumika haraka ni kuongeza busta nyingine mwisho wa waya. Busta ya mwisho inakuza mawimbi pamoja na chenga zake, kwa hiyo picha inabaki vilevile, tena wakati mwingine inaongeza mistari ya mlalo inayopanda taratibu. Na ukizidisha mawimbi mpaka juu ya 80, chaneli zinaanza kuingiliana, unasikia sauti ya taarifa ya habari chini ya muziki. Kinachotakiwa ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye busta ya kwanza, wa RG11 ambao ni mnene na haupotezi mawimbi mengi kama RG6, au kuweka busta katikati ya safari kabla mawimbi hayajadhoofika.

Cha tatu ni vichwa vya waya. Vuta TV kidogo mbele, angalia pale waya unapoingia. Kichwa kizuri kimebanwa kwa koleo maalumu, kimekaa sawa, na ukitikisa waya picha haicheki. Kibaya kimezungushwa kwa mkono, nyuzi za nje za waya zinachungulia, na mara nyingi kimefungwa gundi nyeusi ya umeme. Vya nje ya jengo vinaingia maji wakati wa masika, shaba inaota kijani, na chaneli za namba za juu zinaanza kupotea kabla ya za chini. Ukiona chaneli 1 hadi 6 ni nzuri na 9 hadi 12 zina chenga, mwambie fundi wa hoteli hivyohivyo, utamwokolea muda mwingi.

Kuna hoteli chache zilizobadilisha modyuleta za analogi zikaweka za dijitali zenye tundu la HDMI. Hizo nazipa nyota tano bila kusita. Waya ni uleule wa zamani, lakini HD inafika chumbani ikiwa HD, na TV ya dijitali inaridhika na mawimbi ya dBµV 45 au 50, ambayo kwenye analogi yangekuwa chenga tupu. Ila dijitali haina nusu nusu: mawimbi yakishuka chini ya hapo picha inagandaganda, inatoa vijumba vya mraba, kisha inakata kabisa.

King'amuzi cha chumbani napenda: nyota nne. Unachagua chaneli mwenyewe na HDMI iko palepale. Nyota ya tano inapotea kwa sababu hoteli nyingi huweka kifurushi cha chini kabisa vyumbani, na rimoti ya king'amuzi ndiyo ya kwanza kuisha betri. Hakikisha mapema pia kwamba malipo ya kifurushi cha king'amuzi cha chumba chako hayajaisha. Ukiona ujumbe wa kulipia, piga mapokezi wakati huohuo, maana kufunguliwa kunachukua muda.

Kuhusu madishi, eneo letu lina tabia yake. Matangazo ya DStv yanatoka kwenye satelaiti ya nyuzi 36 Mashariki, na Arusha yenyewe iko karibu na nyuzi 36.7, kwa hiyo satelaiti iko karibu utosini, nyuzi kama 86 kutoka upeo wa macho. Dishi linalala likitazama juu. Miti haiwezi kulizuia isipokuwa iwe imelifunika kabisa, lakini majani makavu na maji vinakaa kwenye sahani, hasa kama tundu la kutolea maji limeziba. Azam iko nyuzi 7 Mashariki, ambayo kwetu ni magharibi, juu kwa nyuzi kama 55. Mlima Meru wala Kilimanjaro havizuii kwenye mwinuko huo. Kinachozuia ni mgrevilea au mkaratusi wa hoteli yenyewe uliopandwa upande wa magharibi wa paa, ukakua. Chaneli za Azam zikisumbua upepo ukivuma na kutulia upepo ukitulia, fundi asihangaike na LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi. Apande aangalie matawi.

Mvua kubwa itakata picha dakika kadhaa, hiyo ni kawaida ya mawimbi ya satelaiti tunayotumia. Ikirudi mvua ikipungua, hakuna kosa. Ikibaki imekata jua likiwa limetoka, maji yameingia kwenye kichwa cha waya au LNB. Dishi la sentimita 90 linaongeza kama desibeli 3.5 juu ya lile la 60, na kwa hoteli za pande za Machame na Marangu ambako mvua ni nyingi, hilo ndilo badiliko la bei nafuu kuliko yote.

Chaneli sasa. Kwa mpira swali ni moja: mna Azam na DStv, vyote viwili? Ligi Kuu Bara iko Azam, Ligi Kuu ya England iko SuperSport kupitia DStv. Hoteli yenye kimoja tu ina nusu ya mpira, na Jumamosi Simba au Yanga ikicheza utajua ni nusu gani. Mechi za England za saa tisa alasiri kwao zinaanza kwetu saa 11 jioni wakati wao wa kiangazi, na saa 12 jioni baada ya saa zao kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa 4 usiku au saa 5 usiku kwa hesabu hiyohiyo. Uliza kama mapokezi kuna mtu wa kuwasha king'amuzi saa hizo.

Nje ya mpira, orodha nyingi zimepangwa kwa ajili ya mtalii: BBC, CNN, Al Jazeera, pengine na France 24, halafu TBC1 peke yake kwa wenyeji. Arusha ni mji wa mikutano. Watu wa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanajaza vyumba hivi mwaka mzima, na familia za Dar zinakuja Desemba. Kukosa ITV, Channel Ten, Clouds au Sinema Zetu ni kuwasahau wateja hao, na chaneli moja ya katuni kwa watoto si anasa. Hapa nakata nyota nzima, na sioni sababu ya kuirudisha kwa hoteli inayolipia chaneli nne za habari za nje.

Umeme ukikatika, jenereta linawaka baada ya sekunde chache, lakini king'amuzi kinachukua dakika moja au zaidi kuamka, na vingine vinaamka vikiwa vimelala, taa nyekundu. Kwenye mfumo wa mapokezi chaneli hiyo inabaki nyeusi vyumba vyote hadi mtu afungue kabati na kubonyeza kitufe. Ving'amuzi 12 vinakula kama wati 180 kwa pamoja. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inatosha kabisa kuvuka pengo la jenereta. Hoteli ikiwa nayo, utaitambua: taa zinazimika na kuwaka tena, chaneli iko palepale.

TV janja nazipa nyota tatu. Picha ya 1080 inahitaji kama Mbps 5 kwa kila TV, kwa hiyo vyumba 20 saa 3 usiku ni Mbps 100, na hoteli nyingi hazina. Kama Wi-Fi inataka ufungue ukurasa na kuandika namba ya chumba, TV yenyewe mara nyingi hushindwa kuufungua. Waombe mapokezi waisajili wao. Kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV pia hugoma, kwa sababu mtandao wa wageni umefungwa ili vifaa visionane, jambo ambalo kwa usalama ni sahihi. Waya wa HDMI wa kwako ni njia mbadala, mradi tundu halijafungwa kwenye mpangilio wa hoteli na TV haijabanwa ukutani kiasi kwamba kichwa cha waya hakipiti. Kipande kidogo cha HDMI kilichopinda kona kinamaliza hilo la pili.

Ukiingia chumbani, fanya haya kabla ya kufungua begi: pita chaneli zote hadi mwisho, badilisha ukubwa wa picha kwenda "Screen Fit" kwa Samsung au "Just Scan" kwa LG ili kibao cha matokeo kisikatwe pembeni, na kama rangi zinaumiza macho toa TV kwenye hali ya duka, ule mpangilio wa kuonyeshea wateja dukani. Chumba chenye chenga omba ubadilishiwe kilicho karibu na mapokezi; waya ni mfupi. Na kama umeingiza akaunti yako ya Netflix kwenye TV yao, toka kabla ya kurudisha ufunguo. Menyu isipokuonyesha pa kutokea, bonyeza kwenye rimoti juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha juu mara nne, na sehemu ya kutoka itajitokeza.