Uzoefu wangu: hifadhi ya mtandao yenye diski mbili na tatizo la kompyuta kuganda

Ofisi yetu ya upimaji ardhi hapa Dodoma hutunza picha za droni za viwanja vya Nala, Iyumbu na Ihumwa katika hifadhi ya mtandao yenye diski mbili, yaani kifaa cha kutunzia mafaili kinachofikiwa kupitia mtandao wa ofisi. Kwa kazi hiyo naipendekeza kwa dhati, ingawa feni yake ina kelele. Hata hivyo, anayetaka kuitumia pamoja na kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux anapaswa kwanza kufahamu tatizo lililokaribia kutufanya tuirudishe dukani.

Mafaili madogo yalipita bila shida. Ramani ya makumi ya gigabaiti, iliyoandikwa hifadhini kwa njia ya NFS (utaratibu wa kutumia mafaili ya kifaa kingine kupitia mtandao), ilianza kwa kasi kubwa mno, kisha kompyuta nzima ikaganda, madirisha yakakataa kufunguka, na daftari la matukio ya mfumo likaonyesha kuwa programu imekwama kwa zaidi ya sekunde 120. Fundi alitushauri tununue diski mpya, ilhali diski zilikuwa nzima kabisa.

Chanzo kilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Linux hupokea kwanza data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kuipeleka diskini baadaye, na kwa mipangilio ya kawaida huacha data inayosubiri ifikie asilimia 20 ya RAM inayopatikana kabla ya kuzizuia programu zinazoandika. Kwenye kompyuta yetu yenye RAM ya gigabaiti 32, hizo ni takribani gigabaiti 6. Swichi yetu ya zamani ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta na hifadhi kwa waya), ya megabiti 100 kwa sekunde, ilipitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo shehena hiyo ilihitaji karibu dakika tisa kutoka, na muda wote huo hata programu iliyotaka kuandika kitu kidogo kwenye diski ya ndani ingeweza kulazimika kungoja.

Dawa yake haina gharama. Katika faili jipya ndani ya /etc/sysctl.d, ambalo jina lake linaishia na .conf, tuliweka vm.dirty_background_bytes=67108864 na vm.dirty_bytes=268435456, yaani data inayosubiri ianze kupelekwa ikifika megabaiti 64, na programu zizuiwe ikifika 256, kisha tukaendesha amri ya sysctl --system kwa mamlaka ya msimamizi ili mipangilio hiyo ianze kutumika. Sasa kasi inayoonekana mwanzoni ni ndogo, lakini ndiyo kasi halisi ya waya, na mtu anaendelea na kazi nyingine wakati ramani inasafiri. Baadaye tulinunua swichi ya gigabiti 1, na muda wa kusubiri ukapungua sana.

Wapo wanaoshauri kuunganisha hifadhi kwa chaguo la soft ili programu isikwame. Kwa mafaili ya mipaka ya viwanja vya watu nalipinga shauri hilo kabisa, kwa sababu mtandao ukikatika muda mrefu programu hurudishiwa kosa na faili linaweza kubaki pungufu. Chaguo la hard husubiri hadi hifadhi irudi, kisha huendelea kuandika. Upande wa hifadhi tumebakiza sync (hifadhi hujibu baada tu ya data kuandikwa diskini) badala ya async (hujibu kabla), kwani umeme ukikatika ghafla, async inaweza kupoteza data ambayo kompyuta imekwisha kuambiwa kuwa imehifadhiwa.