Ambulensi ya jiji: nyota nne, ya tano nimeibania

Baba mdogo alipoanguka bafuni, nilipiga simu ya dharura nikiwa na wazo moja tu: gari lije. Kumbe huduma ilikuwa imeshaanza. Dada aliyepokea hakuniuliza hata jina. Aliuliza tulipo, kisha kama mgonjwa anapumua. "Anakoroma," nikamjibu. Akasema mkoromo wa namna ile si pumzi. Nimlaze chali, niweke viganja katikati ya kifua, nibonyeze kwa nguvu hadi kizame sentimeta 5. Akahesabu nami, moja, mbili, tatu, nne, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka mikono ikafa ganzi. Nyota tatu ni zake yeye.

Gari lilipita nyumba yetu mara mbili. Hilo ni kosa langu, namba ya mlangoni imefunikwa na maua.

Wahudumu wawili waliingia wakitembea, nami nikakasirika. Nilitaka abebwe! Wao wakapiga magoti palepale kwenye maji, wakabandika pedi kifuani, wakaushtua moyo kwa umeme mara mbili. Machela ililetwa baadaye kabisa.

Mmoja wao alinifafanulia tukiwa hospitalini. Zamani kazi ilikuwa kubeba. Hospitali ya Bellevue, New York, ilipoanzisha magari yake ya farasi mwaka 1869, ndani mlikuwa na bandeji na brandi (ya mgonjwa, aliapa). Aliyegeuza mambo ni Frank Pantridge, daktari wa moyo wa Belfast. Aliona watu wanakufa kabla ya kufika wodini, basi akaamua mashine ya kushtua moyo ndiyo imfuate mgonjwa. Ya kwanza, mwaka 1965, ilitumia betri za gari na ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Ya wahudumu hawa ilikuwa inaning'inia begani mwa huyo aliyenisimulia kama mkoba wa shule.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu ya hayo mazungumzo yenyewe. Tulizungumza karibu saa nzima kwenye korido, baba mdogo akiwa bado juu ya machela yao kwa kukosa kitanda, huku redio ikiwaita kwa wagonjwa wengine nao hawana pa kumwacha. Wao hawana lawama, ila huduma ni mnyororo.

Baba mdogo yuko nyumbani. Ananidai mbavu mbili.