Breki ya Tektro R539 kwenye foku (uma wa mbele) ya baiskeli ya traki, miezi minne sasa

Baiskeli yangu ni ya traki kabisa, ya mbio za uwanjani, gia moja, haina friwili, ukisimamisha miguu tairi la nyuma nalo linasimama. Niliinunua mtumba hapa London nikawa naendesha Herne Hill jumamosi, ule uwanja wa mbio za baiskeli wa tangu 1891, na pale breki hairuhusiwi kwa hiyo ilikuja bila. Shida imeanza nilipoanza kwenda nayo kazini. Sheria ya Uingereza ya 1983 inataka breki mbili, gia ya namna hii wanaihesabu kama breki ya nyuma, ya mbele lazima ufunge. Na wala siwazi faini. 2016 kuna mama aligongwa mtaa wa Old Street na kijana mwenye baiskeli kama hii hii, mbele haina breki, mama akafariki, kijana mwaka uliofuata akafungwa miezi 18. Kila nikipita pale roho inaniuma.

Basi nikaenda duka moja, wakanipa breki fupi, ambayo raba zake zinafika mm 39 mpaka 49 chini ya tundu inapofungwa, eti zote zinafanana. Nafika nyumbani naifunga, raba zinashika tairi badala ya rimu! Ndo nikachukua rula nikapima mwenyewe, kutoka katikati ya tundu la breki kwenye foku mpaka katikati ya ubavu wa rimu, nikapata mm 51. Tektro R539 inafika mm 47 mpaka 57, nikaichukua, ikakaa pale pale kama imezaliwa nayo. Jamani pimeni kwanza.

Foku yangu ni ya chuma na tundu lilikuwepo, ila dogo, la mm 6 mbele na nyuma, na nati ya breki za siku hizi inazama ndani kwa hiyo nyuma inataka mm 8. Fundi akatanua upande wa nyuma tu, mbele hakugusa. Foku ya kaboni isiyo na tundu usithubutu kutoboa, hiyo inakatika na wewe uko juu yake.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa inalia mpaka watu wanageuka, rimu zangu zilipakwa rangi nyeusi hadi ubavuni, raba zikawa zinaikwangua na kutoa unga mweusi. Rangi ilivyoisha nikalegeza raba, nikachomeka kipande cha kadi ngumu kwa nyuma ya kila raba ili ncha yake ya mbele iguse rimu kwanza, nikakaza. Kimya. Sasa hivi nashuka Anerley Hill na mvua, vidole viwili tu, miguu inafuata taratibu bila kupigana na pedeli, magoti yameacha kuuma kabisa.

Mkono wa breki nilichukua wa kufunguka ubavuni, unatoka mzima na waya wake. Ijumaa usiku nafungua nati moja ya breki kwa spana ya L ya mm 5, naviweka vyote kwenye begi ili Jumamosi niende Herne Hill bila breki. Jumapili narudishia, nabana mara mbili tatu kabla sijatoka mlangoni.