Mlango wa chumbani: mninga, mtiki au paini?

Haya ndugu zangu, karibuni. Mezani nina vipande vitatu vya mbao, maana wengi mmeniuliza milango ya ndani itengenezwe kwa mbao gani.

Kwanza sogeeni muone mlango wangu wa chumbani. Mnaona huu mstari mweupe pembeni ya paneli, kama nusu sentimita? Hapo vanishi haikufika. Ni mkaratusi, na fundi aliupaka ukiwa mbichi. Kiangazi kilipoingia paneli ikasinyaa, ikachomoza kwenye mfereji wake. Masika unavimba, unakwaruza fremu juu, naufungua kwa bega. Iliniuma sana, hela ilishatoka.

Sasa hiki cha kahawia chenye michirizi myekundu ni mninga. Ukikauka hausinyai sana wala haupindi, na kwa mlango hakuna sifa inayozidi hiyo. Ila angalia huku pembeni palipofifia: hii nyeupe si moyo wa mti, wadudu wanaila. Ukipewa ubao wenye weupe mwingi, kataa. Bei yake ni kubwa kwa sababu mti unatoka misitu ya asili na unakua taratibu mno, kwa hiyo dai risiti, na uliza kama mzigo una kibali.

Huu ni mtiki, wengine mnauita msaji. Una mafuta yake ya asili, unavumilia unyevu. Mlango wa bafuni ningeuweka huu bila kusita. Mafuta hayo hayo yanaikataa gundi, kwa hiyo mwambie fundi afute maungio kwa thina kabla ya kugundisha.

Paini, kama hizi za Sao Hill kule Mufindi, ni nyepesi na nafuu. Chumba cha watoto inatosha kabisa ukiipaka rangi, mradi vifundo vizibwe kwanza, la sivyo utomvu utatoboa rangi. Ile ya kijani iliyotiwa dawa iacheni kwenye paa.

Lakini yoyote utakayochagua, iwe kavu, maji yabaki kama asilimia 12 hivi. Huna kipimo? Kata kipande kidogo, kipime kwenye mzani wa jikoni, kiache chumbani, kipime tena wiki ijayo. Hiki cha paini siku kumi zilizopita kilikuwa gramu 412. Tuone leo... 371. Bado kinakauka. Mbao zake zipo pale ukutani, na fundi nimemwambia asiziguse.