Niliisoma Alisi nikiwa eda

Kitabu hiki aliniletea binti yangu nikiwa katika wiki ya tatu ya eda. "Mama, soma, usikae na mawazo tu," akaniambia. Ni Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Nikaona ni cha watoto, nikakiweka juu ya kabati. Siku mbili baadaye, baada ya Isha, nikakishusha.

Hadithi yenyewe ni ya Lewis Carroll, ilichapishwa Uingereza mwaka 1865, na kwa Kiswahili si ngeni kwani ilishatafsiriwa mwaka 1940. Msichana anamfuata sungura, anatumbukia shimoni, na huko kila akila au akinywa kitu anabadilika kimo. Mwanzoni nilisoma kupitisha muda tu. Kilichonishika ni pale aliporefuka ndani ya nyumba ya Sungura mpaka akaijaza: mkono kautoa dirishani, mguu kaupandisha kwenye dohani, hana pa kugeukia. Huko nje wanashauriana namna ya kumtoa, hata kuichoma moto nyumba, wala hakuna anayemwuliza yeye. Nilikifunga kitabu nikatazama dirisha langu. Sebuleni shemeji zangu walikuwa wanaongea habari zangu.

Kisha sura ya tano. Kiwavi kakaa juu ya uyoga, anavuta shisha yake taratibu, anamwuliza Alisi yeye ni nani. Alisi anashindwa kujibu: anajua alikuwa nani alipoamka asubuhi, ila tangu hapo amebadilika mara kadhaa. Nikajiuliza na mimi. Nikajikuta nataja watu: binti wa fulani, mke wa marehemu, mama wa watoto watatu. Miaka 22 mtaani kwetu naitwa kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, hata na wateja ninaowashonea, nami naitika. Ni heshima, silalamiki. Lakini usiku ule nililitamka jina langu mwenyewe chumbani, likanitoka kama la mgeni. Nikalirudia, na tena nikalirudia.

Sura ya mwisho ni ya mahakamani, na hiyo ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi. Malkia anataka adhabu itangulie, uamuzi wa kosa ufuate. Mfalme anazua palepale kanuni namba 42, kwamba aliyezidi urefu wa maili moja atoke nje, kisha anadai ndiyo ya zamani kuliko zote. Basi ingekuwa namba moja, Alisi anamjibu. Na kuna jambo nililiona niliporudia: kwingine kote kimo chake kinabadilishwa na chupa, keki, uyoga au kipepeo cha kujipepea. Mahakamani anarefuka bila kutia kitu kinywani.

Nilipotoka eda, kikao kikaitwa. Kumbe uamuzi ulishapikwa: nifunge kibanda changu cha cherehani, niende kijijini kumtunza mama mkwe. Nikaambiwa ndiyo mila ya ukoo tangu enzi. Nikauliza, kwa adabu zote, ni mjane gani mwingine wa ukoo aliyewahi kufunga kazi yake akapelekwa kijijini. Kimya. Shemeji mkubwa akakohoa. Nikasema mama nampenda, aje tukae naye hapa mjini, lakini cherehani sifungi. Mikono ilitetemeka, nikaificha ndani ya mtandio. Sauti haikutetemeka.

Sisemi kitabu hakina mawaa. Mashairi yake mengi yanageuza kwa mzaha mashairi waliyokaririshwa watoto wa Kiingereza wa wakati ule, na sisi tusioyajua utamu wake unatupita. Sura ya karamu ya chai ilinichosha, nikairuka, nikairudia baadaye bila kuipenda sana. Ukianza, vumilia mpaka ufike kwa Kiwavi.

Mama mkwe yuko nami sasa. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo jioni namsomea nikishamaliza kupinda mikunjo ya siku. Juzi tulifika kwenye lile swali la Kiwavi. Akanishika mkono nisiendelee, akanyamaza kidogo, halafu akanitajia jina alilopewa alipozaliwa, ambalo miaka yote hii sikuwahi kulisikia.