Hati ya ridhaa ya mzazi: huduma ya ofisi moja ya wakili jijini Dar es Salaam

Nilipokuwa nikijiandaa kusafiri na binti yangu wa miaka saba kwenda Johannesburg, huku baba yake akibaki nyumbani, nilikwenda kwa wakili kuandaliwa hati ya ridhaa, yaani maandishi ya baba kukubali mtoto asafiri bila yeye, kwa kuwa Afrika Kusini ilianza mwaka 2015 kudai hati hiyo pamoja na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Na ingawa masharti yalilegezwa baadaye, sikutaka mabishano uwanja wa ndege. Kazi yenyewe ni nzuri. Hati ilitaja namba za pasipoti zetu, tarehe za kwenda na kurudi, anwani ya tutakakofikia na simu ya baba, naye alilazimika kufika mwenyewe na kusaini mbele ya wakili, jambo lililomuudhi mume wangu lakini ndilo linaloipa hati uzito. Kilichonikera ni kwamba rasimu ya kwanza ilikosea herufi moja ya jina la mtoto, na marekebisho yakachukua siku nzima. Tena gharama ya mhuri haikutajwa mapema. Nitarudi kwao, ila safari hiyo nitasoma rasimu neno kwa neno kabla mhuri haujagongwa.