Seti ya Machekeche Matatu ya Maharage Makavu: Tathmini baada ya Mavuno

Maharage yakishapurwa, kazi inayobaki huwa ndefu kuliko kupura kwenyewe. Katika rundo moja huchanganyika punje nzima, punje zilizopasuka, vipande vya maganda, vijiti, madongo ya udongo, vijiwe, na punje zilizooza au kutobolewa na wadudu, na mwenye bustani ndogo kwa kawaida huvikabili vyote hivyo kwa macho na vidole tu. Seti ninayoitathmini hapa ni ya machekeche matatu yanayopandana juu ya sinia moja. Nimeitumia kwa mavuno yote ya msimu huu na ninaipendekeza, ilimradi mnunuzi aelewe mapema ni uchafu gani unaotengwa na tundu na ni upi unaobaki kuwa kazi ya jicho.

Chekeche la juu lina matundu ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 12. Maharage hupita, vijiti na maganda makubwa hubaki. Linafanya kazi yake bila matatizo, isipokuwa punje ndefu hulala bapa zikakataa kupita hadi chekeche litikiswe kwa kupandishwa na kushushwa. Vipande vyepesi vya maganda navyo hupita pamoja na punje, kwa hiyo ungo hauachwi: ni vyema kupepeta kwanza, kisha ndipo kuchekecha.

Chekeche la pili ndilo linalostahili kununuliwa hata kama mengine yasingekuwapo. Matundu yake ni marefu na membamba, upana milimita 4.5 na urefu milimita 20, na umbo hilo lina sababu. Tundu la mviringo hupima upana wa punje, ilhali tundu refu hupima unene wake. Haragwe likipasuka hugawanyika katika nusu zake mbili za asili, na kila nusu hubaki na urefu na upana uleule wa punje nzima. Kinachopungua ni unene peke yake. Ndiyo maana chekeche la kawaida la matundu ya mviringo haliwezi kutenga nusu na nzima hata likitikiswa kutwa. Katika hili, ukisukuma chekeche mbele na nyuma kufuata urefu wa matundu, unaona nusu ikiinuka ubavu, ikazama katika tundu na kutoweka, huku punje nzima zikiteleza juu yake bila kushuka. Punje zilizosinyaa kwa kung'olewa kabla ya kukomaa huanguka pamoja na hizo nusu, jambo ambalo ni faida nyingine.

Chekeche la tatu, lenye matundu ya milimita 3, huzuia nusu hizo na kuacha vumbi, mchanga na hata fukusi wazima wadondoke kwenye sinia. Nusu safi hupikwa mapema, kwa kuwa hazifai kwa mbegu na hazidumu ghalani kama punje yenye ngozi kamili.

Maelezo ya mtengenezaji yanadai kwamba seti hii inafaa maharage ya kila aina, na hapo sikubaliani naye. Wataalamu wa zao hili huyagawa maharage kwa uzito wa punje 100: chini ya gramu 25 ni madogo, kati ya 25 na 40 ni ya wastani, na zaidi ya 40 ni makubwa. Kwa yale makubwa, chekeche la pili linatenga vizuri sana. Kwa yale madogo, baadhi ya punje nzima na nzuri huanguka pamoja na nusu, na inabidi kuziokota upya. Ingefaa seti iuzwe pamoja na chekeche la ziada lenye matundu membamba zaidi.

Unyevu wa punje nao huamua matokeo. Maharage yasiyokauka vizuri hukwama katika matundu, na yaliyokauka kupita kiasi hupasuka yakipurwa na yakitikiswa. Kipimo rahisi ni kutia chumvi kavu na maharage katika chupa kavu ya kioo, kuitikisa na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, yaanikwe tena. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi, lengo liwe asilimia 13 au pungufu kidogo.

Yapo mambo ambayo hakuna chekeche linaloyaweza. Kijiwe chenye ukubwa wa haragwe kitabaki na maharage. Punje yenye doa la kahawia lililobonyea, ambalo ni dalili ya chule, ina unene sawa na punje yenye afya, na kuvu wa ugonjwa huo huishi ndani ya mbegu na kurudi shambani akipandwa nayo. Fukusi wa maharage hutaga mayai tangu maganda yakiwa shambani, na funza wake hukua ndani ya punje bila kuonekana. Dalili ya mwisho kabla mdudu hajatoka ni kidirisha cha mviringo, chembamba na chenye rangi tofauti kidogo na ngozi inayokizunguka. Kidirisha hicho hupatikana kwa kuigeuza punje kwenye mwanga, si kwa kutikisa chombo. Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya seti hii: inapoondoa vumbi, vijiti na nusu, macho hayachoki kwa takataka, na muda wote wa kuchambua huelekezwa kwenye punje zinazohitaji kuamuliwa. Maharage yanayoshukiwa kuwa na fukusi, yakishakauka vizuri, yanaweza kuwekwa kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja.

Kuhusu ujenzi wake, bamba ni la chuma na matundu yamekatwa kwa usafi upande wa juu, lakini upande wa chini nimekuta kingo kali zilizohitaji kusuguliwa kwa msasa. Punje zinazokwama zitolewe kwa brashi ngumu kutoka chini, wala zisichokolewe kwa msumari, kwa kuwa bamba likipinda, upana wa tundu hubadilika na upimaji wote huharibika. Anayetunza mbegu za aina zaidi ya moja apige mswaki kila chekeche kabla ya kubadilisha aina, akikagua hasa pembe ambapo bamba hukutana na fremu ya mbao, maana pana ufa mdogo unaoficha punje.